Nyota ya Uzi Mwekundu

Aya ya sita ya kile kiapo ilisema kwamba Bi Pasi hajawahi kulala na mumewe.

Haikusema hivyo kwa maneno ya watu, maana maneno ya watu hayaruhusiwi kukanyaga kwenye karatasi za mahakama. Ilisema kwamba mke "alikataa kwa makusudi kukamilisha ndoa, tangu siku ilipofungwa hadi leo." Wakili aliisoma polepole, akairudia, kisha akaiweka mezani na kumtazama mteja wake. Wakili mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imeungwa mkono mmoja kwa gundi ya karatasi, na ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vioo, ambapo kila mtu akikata kioo chini meno yaliuma juu.

"Umeelewa wakili wa mumeo anachotaka uape hapo?"

"Nimeelewa."

"Ni kweli?"

Bi Pasi aliangalia mikono yake. Ilikuwa na alama ndogondogo za kuungua, nyingine za zamani kama kazi yenyewe. Alirithi duka la dobi kutoka kwa baba yake, na jina hilo la Bi Pasi alipewa na wateja kabla hajafikisha miaka ishirini. Sasa alikuwa na thelathini na mbili, na miezi kumi na moja na ushee ya ndoa.

"Andika tu ni kweli," Mama yake alidakia kutoka kwenye benchi la ukutani. "Kuna nani atakayesoma? Karatasi itawekwa kwenye kabati, panya wataila, yamekwisha."

"Mama, namuuliza yeye," Wakili alisema kwa adabu. "Hiki ni kiapo. Akiapa uongo, anayefungwa ni yeye, si panya."

Mama akanuna. Wakili alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi.

"Sikiliza, dada. Talaka watu wote wanaijua. Talaka inasema ndoa ilikuwepo, sasa imevunjika. Kubatilisha ni kitu kingine. Kubatilisha ni mahakama kusema hii ndoa ilikuwa na kasoro tangu siku ile mnasimama mbele ya msajili. Na kasoro ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ile inayofanya ndoa isiwepo kabisa. Mmeoana ndugu wa damu, au mmoja hajafikisha umri, au amelazimishwa. Au mmoja ana ndoa nyingine ya mke mmoja na haijavunjwa. Hiyo hata mkae miaka ishirini mzae na wajukuu, ni batili. Mahakama inatamka tu."

Bi Pasi aliuvuta mkoba wake karibu na tumbo.

"Ya pili ni ndoa ambayo ipo, lakini mmoja wenu anaweza kuomba ibatilishwe. Mwenzake alikuwa na ugonjwa wa akili siku ya ndoa. Au mke alikuja na mimba ya mtu mwingine na mume hajui. Au mmoja ameshindwa tendo la ndoa, au amelikataa. Hiyo ndiyo wanayoitaka kwenye hii karatasi. Lakini hiyo lazima iombwe ndani ya mwaka mmoja, na mwaka wenu unaisha Ijumaa. Leo Jumatano." Akavaa miwani yake. "Mimi mtu akija na haraka ya Ijumaa, huwa najiuliza anakimbia nini."

"Anakimbia aibu, kama sisi," Mama akasema.

Bi Pasi alijua kile mumewe anachokikimbia. Kilikuwa ndani ya mkoba, kimekunjwa mara nne, nakala ya cheti cha ndoa cha miaka tisa iliyopita. Mama alikuwa amemwapisha asikitoe.

Wiki tatu nyuma, saa nne asubuhi, mwanamke mmoja aliingia dukani na furushi la mashati meupe. Alikuwa mwalimu, vumbi la chaki bado liko kwenye mkono wa gauni. Alisema mumewe huja nyumbani kila baada ya wiki mbili kutoka kazini, na mashati yake hurudi masafi ajabu, kola zimesimama. Akaona kwenye moja karatasi ya anwani ya duka hili imesahauliwa mfukoni. "Nikasema safari hii nimfanyie mazuri, niyalete mwenyewe kwa yule yule anayemfulia."

Bi Pasi alilifungua furushi huku anatabasamu kibiashara. Kwa kawaida kila nguo ya mteja hupata namba ya uzi mweusi, inashonwa ndani ya kola, ili nguo ya huyu isivaliwe na yule. Lakini baba yake alikuwa na desturi moja zaidi. Nguo za watu wa nyumbani kwake hazikupata namba. Zilipata nyota ndogo ya uzi mwekundu, mishono minane inayokutana katikati. Baba alikuwa na nyota, Mama alikuwa na nyota, yeye alikuwa na nyota, na tangu mwaka jana mtu wa nne alikuwa na nyota.

Akageuza kola ya shati la kwanza. Nyota. La pili, nyota. Yote kumi na mawili.

"Mume wako anafanya kazi gani?" aliuliza, na sauti ilikuwa yake, ingawa hakuisikia.

"Mkaguzi wa mizani. Anazunguka madukani kupima kama wenye maduka wanawaibia watu."

Yule Mwalimu hakuwa mjinga. Alimwona mwenzake anavyoishika ile kola, akakaa chini kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. Hawakupigana, hawakutukanana. Kesho yake alirudi kuchukua mashati, akaacha nakala ya cheti. "Ya kwangu hii," alisema. "Wewe fanya utakalo. Mimi ya kwangu nitajua, nina watoto wawili." Tangu siku hiyo Bi Pasi hakuweza kunusa sabuni bila kichefuchefu. Na dobi asiyeweza kunusa sabuni ana maisha magumu.

Mlango uligongwa. Kabla hajageuka alijua ni nani, kwa jinsi moyo wake ulivyoruka bila kumwomba ruhusa, na akajichukia kwa hilo.

Mkaguzi aliingia na koti mkononi na shati jeupe mwilini. Alikuwa mrefu, maji ya kunde, na shingo ambayo Bi Pasi aliwahi kuipenda kabla hata ya kuujua uso. Akainama mbele ya benchi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," Mama akaitikia, laini kama siagi, utadhani mkwe amerudi na zawadi.

Bi Pasi aliitazama aya ya sita.

"Wewe una wakili wako," Wakili alimwambia Mkaguzi. "Huyu ni mteja wangu mimi."

"Naomba dakika kumi tu na mke wangu."

Wakili alimtazama Bi Pasi. Bi Pasi akatikisa kichwa kukubali, maana mtu hawezi kuikimbia shingo ile maisha yote. "Dakika kumi," Wakili akasema. "Mlango wazi. Mimi na mama tuko hapo koridoni." Wakatoka.

Walibaki wawili, na meza katikati. Mkaguzi hakukaa.

"Umepungua," alisema.

"Nafunga mkanda."

"Bi Pasi, nitazame basi."

Akamtazama. Hilo lilikuwa kosa, maana macho yale hayakubadilika. Yalikuwa yale yale aliyokuwa anayasubiri kila baada ya wiki mbili, mekundu kwa safari, yanayocheka kabla ya mdomo.

"Unaishi wapi sasa hivi?" aliuliza.

"Nyumba ya wageni. Kwa Mwalimu siendi. Kwako umenifungia. Chumba kina kitanda na ndoo. Mashati Mwalimu alinitupia nje, nafua mwenyewe." Akatabasamu kidogo. "Yanatoka na mawimbi kama bahari."

Na kweli shati lile lilikuwa limepigwa pasi na adui. Mkono ulikuwa na mikunjo miwili sambamba, kola imelala upande mmoja. Mikono ya Bi Pasi ikawasha kutaka kulirekebisha. Akaikalia.

"Kwa nini kiapo kinasema nimekataa mimi?" aliuliza. "Kwa nini kisiseme umeshindwa wewe?"

"Nikisema nimeshindwa, mahakama inaweza kuagiza daktari anipime. Na nina watoto wawili. Daktari gani atakubali?" Alilisema kwa utulivu, kama anamwelekeza mtu barabara. "Kukataa hakuna daktari. Ni neno lako na langu. Tumeshalifikiria."

"Mmelifikiria wewe na nani?"

"Na wakili wangu."

"Kwa hiyo mlikaa watu wazima wawili, mkapanga nilivyokaa kitandani."

"Usiliseme hivyo."

"Nilisemeje? Nifundishe."

Mkaguzi alishusha pumzi. Akazunguka meza, akachuchumaa karibu na kiti chake, na harufu yake ikamfikia Bi Pasi, ile ya ngozi chini ya sabuni. Mwili wake ulimsogelea kidogo kabla akili haijauzuia. Aliona kinyaa, na kinyaa chenyewe kilikuwa na sehemu mbili, nusu ya huyu mwanaume na nusu ya mwili huu wake usio na haya.

"Nisikilize," Mkaguzi alisema chini chini. "Ukimtaja Mwalimu mahakamani, mimi naingia jela. Kwenye fomu ya msajili niliandika sijaoa. Kazi inakwenda, kila kitu kinakwenda. Na wewe unabaki na nini? Watasema ndoa haikuwepo. Hutaitwa hata mtalaka. Utaitwa kimada wa mume wa mtu. Hii ya kwangu inaisha kimya. Hakimu anabatilisha, mimi namwacha Mwalimu kwa utaratibu, talaka inatoka, halafu nakuoa upya. Safari hii kwa haki."

"Safari hii kwa haki," Bi Pasi akarudia.

"Nilikosea. Sikukudanganya moyo, nilikudanganya karatasi."

"Na Mwalimu ulimdanganya nini?"

 Mkaguzi alikuwa na akili ya kujua ni swali gani la kuacha lipite.

"Unakumbuka mara ya tatu nilipokuja dukani?" alisema badala yake. "Ulilinusa shati ukaniambia, kaka, hili halijavaliwa. Na kweli lilikuwa halijavaliwa. Nililitoa kwenye karatasi asubuhi ile ile, sikuwa na chafu hata moja. Nilikuwa nimekosa sababu ya kuja."

Bi Pasi alijikaza kisabuni, lakini kicheko kilimponyoka. Kilikuwa kifupi na chenye machozi. Alilikumbuka shati lile. Alilifua hivyo hivyo, akaliwekea namba, na usiku mzima aliona uso wa mwenye shati ukutani.

"Nilikutoza na hela," alisema.

"Ukanitoza." Mkaguzi akamshika mkono, akaupitishia kidole kwenye zile alama za kuungua, moja moja, kama zamani. "Saini, mke wangu. Saini tuanze upya. Mama anataka. Mimi nataka. Na wewe unataka, nakuona."

Ndiyo, alitaka. Asingeweza kuidanganya nafsi yake wala Mungu wake. Alitaka shingo hii irudi, wiki mbili kwa wiki mbili kama ilibidi. Alichotakiwa kufanya ni kusema kwamba miezi kumi na moja haikutokea. Asubuhi zile, kikombe kimoja cha chai kinachopokezanwa, mguu wake baridi uliokuwa unatafuta mguu wa moto chini ya shuka, yote aape kwamba hayakuwahi kuwa. Akashika kalamu.

Mkaguzi alisimama haraka. Akainama juu ya bega lake, akafungua ukurasa wa mwisho. "Hapa chini," akasema. "Na hapa, jina lote."

Kola ikawa mbele ya macho yake, imelala upande. Hakufikiria. Mkono wa kushoto ulipanda wenyewe, kama ulivyokuwa unapanda kila asubuhi mlangoni kabla hajasafiri, ukainyanyua ile kola kuisimamisha, na kidole cha shahada kikapita ndani, mahali pake pa kila siku.

Hapakuwa na kitu.

Kidole kilirudi tena, taratibu. Mishono minane haikuwepo. Kitambaa kilikuwa kitupu, na juu yake vijitundu, vimekaa kwa duara, kimoja katikati.

"Nyota iko wapi?"

"Nyota gani?" Mkaguzi alisema, macho kwenye karatasi.

"Ya kwenye kola."

"Ah. Itakuwa imechomoka kwenye kufua. Si nimekwambia nafua mwenyewe."

"Uzi wangu hauchomoki. Naufunga mafundo mawili."

"Basi imechomoka hivyo hivyo. Saini, wanarudi."

"Na kwenye yale mengine kumi na moja?"

Mkaguzi akaivuta kola kutoka mkononi mwake. Chini, mtu akakata kioo, na sauti ile ikapita kwenye meno.

"Wakili wangu aliuliza kama kuna kitu chochote kinachoonyesha tuliishi kama mke na mume," Mkaguzi akasema hatimaye. "Nilimweleza ile desturi yenu. Akasema zitolewe. Ni tahadhari tu."

"Ulizitoa mwenyewe?"

"Ningempa nani?"

"Kwa kitu gani?"

"Kwa wembe. Jumapili." Na hapo, kwa sababu watu wengine hawajui pa kukomea, akaongeza kwa sauti ya mtu anayestahili pole. "Ilinichukua siku nzima. Ukiharakisha unatoboa kitambaa."

Bi Pasi alimwona. Alimwona kwenye kile kitanda cha nyumba ya wageni, amevaa fulana, mashati kumi na mawili yamepangwa magotini, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo kama anaposawazisha mizani ya watu. Anainua mshono, anakata, anavuta. Mishono minane mara kumi na mbili. Hakuna hata mmoja alioukata kwa hasira au kwa kulia. Alikuwa mwangalifu asitoboe kitambaa.

Kichefuchefu kilichomtesa wiki tatu kilipanda hadi kwenye meno, kisha kikashuka chote, na hakikurudi. Akamtazama shingoni. Ilikuwa shingo tu, na chini ya sikio palibaki povu la kunyolea lililokauka.

"Vua shati," alisema.

"Nini?"

"Vua shati. Nilinunua mimi kitambaa, nikampa fundi, nikalilipia. Ni langu."

"Bi Pasi, acha utoto. Hapa ni ofisini."

"Wakili!" Bi Pasi akaita, bila kupaza sana.

Wakili aliingia, Mama nyuma yake. Mama aliona kalamu mkononi na uso wake ukachangamka. "Umesaini, mwanangu?"

"Mama, njoo hapa. Weka kidole chako kwenye kola ya mkweo."

"Mambo gani haya?"

"Weka tu."

Mkaguzi alijaribu kurudi nyuma, lakini nyuma kulikuwa na kabati la majalada. Mama akanyoosha mkono kwa kusitasita, akaomba radhi kwa macho, akapapasa. Hakuhitaji kuambiwa anachotafuta. Alikuwa ameolewa na dobi miaka thelathini na nne. Kidole chake kilisimama pale pale, kikazunguka duara, kikasimama tena. Mkono wake mwingine ulipanda kwenye kola ya gauni lake mwenyewe, bila yeye kujua, ukaipapasa kwa ndani.

"Ametoa?" aliuliza.

"Zote kumi na mbili. Kwa wembe. Jumapili nzima."

"Mama, ni ushauri wa kisheria tu," Mkaguzi akaanza. "Mama, unajua mimi nakuheshimu—"

"Mimi si mama yako," Mama alisema. Hakupandisha sauti. Alikuwa anapangusa kile kidole kwenye sketi, anapangusa tena, kama ameshika kitu kwenye mtaro. "Mume wangu alipolazwa mara ya mwisho, alikuwa hawezi hata kushika kijiko. Akaniomba sindano. Alikuwa anataka kuniwekea nyota kwenye gauni jipya kabla hajafa. Aliweka mishono mitatu." Akamnyooshea Mkaguzi kile kidole. "Vua shati la mwanangu."

Mkaguzi alimtazama Wakili, kama mtu anayetafuta mtu mwenye akili timamu chumbani. Wakili alikuwa ametoa bahasha kubwa ya kaki kwenye droo na ameishika wazi.

Alivua. Alifungua vifungo kwa hasira, kimoja kikaruka chini ya kabati. Alibaki na fulana yenye jasho kwapani, mabega yake yaliyokuwa mapana ndani ya shati sasa yameteremka. Akavaa koti juu ya fulana, akalifunga hadi juu, na akaonekana kama mtu aliyeitwa na moto usiku.

"Utajuta," alimwambia Bi Pasi. "Ukitoka hapa utakuwa hujawahi kuolewa. Hiyo ndiyo unayoitaka?"

"Ndiyo," alisema. "Lakini kwa sababu ya kweli. Nililala na wewe miezi kumi na moja na nitawaambia hivyo hivyo, wakitaka na tarehe nitawapa. Aliyefanya ndoa isiwepo ni wewe."

Akafungua mkoba. Akakitoa kile cheti kilichokunjwa mara nne, akakinyoosha juu ya aya ya sita, akakibana kwa kiganja kama anavyobana kitambaa kabla ya pasi. Safari hii Mama alimsaidia kubana pembe.

"Wakili, tumia ile sababu ya kwanza," alisema. "Ile isiyo na Ijumaa."

Wakili alikisoma cheti. Alisoma jina, tarehe, na muhuri, akageuza nyuma, akarudi mbele. "Mwenye hiki cheti yuko tayari kuja kusema?"

"Alisema ya kwake atajua. Nadhani ameshajua. Nitamuuliza leo leo."

Mkaguzi alikuwa ameshafika mlangoni. Hakuna aliyemwangalia akitoka, ila walisikia viatu vyake kwenye ngazi, vya haraka, na chini mtu wa vioo akimuuliza kama amepata alichokifuata.

Bi Pasi alilikunja shati. Alilikunja vizuri, mikono nyuma, kola juu, maana hajui kukunja vibaya, na akalitumbukiza kwenye bahasha. Mikono yake ikabaki mitupu. Mama akaishika yote miwili akaiweka mapajani pake.

Wakili alifunga bahasha, akachukua kalamu ya wino mzito. "Kila kielelezo kinahitaji alama juu," alisema. "Hiki niandike nini? Shati la mume?"

Bi Pasi alifikiri. Kabla ya ndoa, kabla ya nyota, mtu yule alikuwa mteja kama wateja wengine, na daftari la dukani lilikuwa bado lina mstari wake.

"Andika arobaini na moja," alisema. "Ndiyo namba yake."